Korongo wa Kampuni ya Reli

Muuzaji wa treni ndogo za mfano katika mji wetu, hapa Nebraska, hutaja bei kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole. Kwanza hukifuta kichwa cha treni kwa kitambaa, kisha hupumulia miwani yake. Tangu kampuni ya reli ianze kuwatoza watengenezaji wa treni hizo ada kwa kutumia nembo yake ya korongo, bei zimepanda, na mimi kila Jumamosi humfokea yeye, kana kwamba reli ni ya baba yake. Huniacha nimalize, halafu huuliza, "Nikufungie, Profesa?" Mimi si profesa, nafundisha udereva. Na kila mara hunifungia.

Mwezi uliopita niliapa kuikomoa kampuni. Nilinunua kichwa cha treni kisicho na nembo, nikaichora mwenyewe kwa siku tatu, nikampelekea kifua mbele. Alikigeuza taratibu kwa vidole vyake vinene, akakisogeza dirishani.

"Huyu bata?"

"Ni korongo!"

"Basi usiogope, Profesa. Kampuni haitakudai. Hata wenyewe hawatamtambua."

Wateja wawili waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akachukua brashi nyembamba, akaanza kumrefusha bata wangu shingo, ulimi umemtoka pembeni, wateja wakimsubiri. Alipomaliza, korongo alikuwa karibu kuruka.

"Unanidai ngapi?"

"Hunipi kitu."

Nikaona haya mpaka masikioni. Nikanunua mabehewa matatu yenye nembo, kwa bei kamili, bila kumfokea.