Mbegu Nilizozianika

Mimi ni mjuaji. Hata wanangu hunisema. Basi jirani yangu wa shambani alipoleta chupa kubwa ya mbegu niitunze kwenye friji yangu, kwa kuwa yake ilikuwa imeharibika, sikungoja maelezo.

Vishamba vyetu tumevikodi kwa halmashauri hapa Erdington, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na vimepakana. Yeye ni Mwojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada, aliyeolewa huku. Miaka mingi tulizungumzia viazi na konokono tu. Siku moja nikamsimulia tulivyofukuzwa shamba la babu nikiwa mtoto, likapandwa chai, naye akaacha kuchimba. Kwao, alisema, lilijengwa bwawa kabla hajazaliwa. Ziwa likapanda, likameza nyumba, makaburi na mpunga wa porini uliojiotea majini. Watu wakahamishiwa kwenye mawe matupu, wakawa wa kungoja chakula cha serikali. Sasa wameanza kuupanda tena mpunga huo kwenye ghuba ndogo, ili wajilishe wenyewe. Kaka yake alipokuja kumtembelea alimletea mbegu za mavuno ya kwanza, ajifunze kuziotesha huku kwenye pipa, kisha arudi kwao akiwa na kazi anayoiweza. Aliogopa kurudi mikono mitupu, kama mgeni.

Nilipofungua chupa nikakuta mbegu zimelala majini. Masikini, hizi si zitaoza! Kwetu mbegu hukaushwa. Tulipofukuzwa, mama aliacha masufuria, akabeba mbegu za mahindi na maharagwe, zimechanganywa na majivu, zimefungwa kwenye kanga. Nikamwaga maji, nikazianika dirishani kwenye jua letu la kubahatisha, nikazitia majivu. Siku nne nzima nilijiona mtu mwema kwelikweli.

Majuto ni mjukuu. Alipokuja kuzichukua alizitazama, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Mpunga huu ukikauka unakufa," alisema. "Hulala majini kwenye baridi mpaka wakati wa kuchipua."

Nililia mimi kabla yake. Nikamweleza habari ya kanga ya mama, maneno yakinitoka ovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia kaka yake, akamweleza yote, na kuweka simu mezani ili nami nisikie. Nikangoja kutukanwa. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

"Mpunga wa ghubani umesimama vizuri," alisema. "Mbegu za kupanda tunazo. Njoo tu, pipa la nini? Hizo pikeni."

Kwanza tuliziosha majivu, tukazikaanga kavu kwa zamu. Kisha akavaa soksi safi akazikanyaga ndani ya beseni, akizungukazunguka, maana kwao maganda hutolewa kwa kukanyagwa kama mtu anayecheza ngoma. Mimi nikashusha ungo niliokuwa nimeutundika ukutani kama pambo, nikapepeta. Angalau hapo ujuaji wangu ulifaa. Alinitazama mikono, akasema nyanya yake alikuwa na chombo cha magome ya mti, na alipepeta vivi hivi.

Ukapatikana wali wa mabakuli mawili madogo, wenye harufu ya moshi. Alikula polepole, macho yamemlowa. Alisema ana miaka hamsini na miwili, na hajawahi kuonja wali wa ziwa lao.

Sikuomba msamaha tena. Nilimsogezea bakuli langu.