Koti Chini ya Dungu

Siku Mfaume Kondo aliyoshuka kwenye lori pale Kibiti, begani begi la jeshi, mkononi kamba, na mwisho wa kamba jibwa lenye mdomo mweusi na masikio yaliyosimama, wanaume waliokuwa wakitoka msikitini walikunja kanzu zao na kuhamia upande wa pili wa barabara. Salamu walizitoa kwa mbali. "Karibu nyumbani, Afande," walisema, macho yote kwa mbwa. Hakuna aliyempa mkono. Jamani, mtu ametumikia nchi miaka kumi na tisa, anarudi kwao hapewi mkono! Lakini Mfaume hakukasirika. Yeye naye Mndengereko, kazaliwa humo humo na chuo cha Kurani kasoma humo humo. Alijua mate ya mbwa ni najisi nzito, na alijua inavyoondolewa: maji mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Kwa miaka minane alikuwa akifanya hivyo kila siku kabla ya kuswali.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, na huku watu wanapunguzwa makazini kama mahindi yanayopukuchuliwa. Mfaume naye alipunguzwa, yeye na mbwa wake kwa karatasi moja. Mbwa alikuwa jike, jina lake Doria, umri wake miaka kumi, nyonga imeanza kukaza na jicho moja limeingia ukungu. Kambini kwao mbwa aliyezeeka hakuwa na kiinua mgongo. Alikuwa na risasi moja nyuma ya banda, basi, labda atokee mtu wa kuweka sahihi amchukue. Wenzake walimcheka Mfaume alipoomba kalamu. "Koplo, unapeleka mbwa uswahilini? Huyo mkeo atakufukuza wewe na yeye."

Mkewe, Mwantumu, hakumfukuza. Alitazama mbwa, akatazama mumewe, akasema, "Baba Mwanawetu, mimi sina neno na kiumbe cha Mungu. Ila asivuke kizingiti changu." Mfaume akamjengea Doria kibanda nyuma ya choo, akaweka debe la udongo safi kando ya mlango, na maisha yakaendelea. Kila asubuhi alimlisha kwa mkono wake. Ndivyo mbwa wale walivyofunzwa, wasile chakula cha mtu baki wala kilichookotwa chini, adui asije akawatilia sumu. Doria alikula kiganjani kwa Mfaume, na Mfaume akaosha mara saba. Kwa mikono ile ile alimfunza binti yake, Mwanawetu, kusuka mikeka aliyojifunza kwa mama yake.

Mwaka ukapita. Watu hawakusema kitu, wakaacha tu kuja. Ukipikwa ubwabwa wa hitima, sahani za nyumba ile zinarudi vile vile zilivyotoka. Halafu ikaja posa ya Mwanawetu, kutoka kwa watu wa heshima wa Ikwiriri, kijana ana cherehani mbili na adabu zake. Mshenga alikunywa maji nusu bilauri, akakohoa, akasema wazee watakuja Ijumaa ya wiki ijayo kumaliza maneno, lakini wameomba jambo moja. Wao hawali kwenye nyumba yenye mbwa.

"Binti yetu ana miaka ishirini na mitatu," Mwantumu alisema baada ya mshenga kuondoka. Akachukua bilauri ya mshenga, akaenda kuiosha. Wallahi angepiga kelele ingekuwa afadhali. Mfaume alikwenda akakaa nyuma ya choo, akamshika Doria masikio, na moyo wake ukamuuma hasa. Kumrudisha kambini ni risasi. Kumwachia mtaani ni mawe ya watoto. Ilibidi apatikane mtu wa kumchukua, na apatikane kabla ya Ijumaa ile.

Mtu alikuwepo. Mdogo wake Mwantumu, Semeni, ameolewa kule Mloka na mkulima mmoja anaitwa Sadallah, kwa hiyo Sadallah na Mfaume ni wanyumba. Mloka imepakana na pori la wanyama, na Sadallah kila msimu analima wanakula nguruwe na nyani. Mwaka huo alikuwa na shamba la mahindi kando ya mto, amejenga dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia, na alikuwa analala juu yake mpaka mgongo umepinda. Mfaume alipopeleka salamu kwa dereva wa lori la mbao, jibu lilirudi upesi. "Mlete! Hata akiwa kipofu. Nguruwe wamenimaliza."

Wakafika Mloka siku ya Jumapili. Mfaume akamweleza mwanyumba wake utaratibu, kwa sauti ya kijeshi kabisa. "Mbwa huyu hali kwa mtu asiyemjua. Nitakaa hapa siku saba. Kila siku utamlisha wewe, kiganjani, mimi nimesimama pembeni namwambia ale. Siku ya saba atakuwa wako. Pungufu ya hapo, hapana."

"Kiganjani?" Sadallah aliuliza.

"Kiganjani. Ukimaliza unaosha mara saba."

Sadallah alikuna kichwa, akacheka. "Haya, Afande. Amri ni amri."

Alifanya hivyo, kwa haki ya Mungu alifanya. Jumapili jioni, Jumatatu, Jumanne. Doria alimtazama Mfaume, Mfaume akasema neno, Doria akachukua tonge la ugali mkononi kwa Sadallah taratibu kama bibi anayepokea dawa. Na Sadallah akaosha mara saba, asubuhi mara saba, jioni mara saba. Maji yale aliyachota Semeni mtoni, na mto wenyewe una mamba. Wiki tatu nyuma walikuwa wamemzika mwanamke wa jirani, na walichozika hakikuwa mwili mzima. Semeni alikwenda na ndoo, akarudi na ndoo, na hakumwambia shemeji yake kitu, maana mgeni haambiwi.

Siku saba zilikusudiwa ziishe Jumamosi. Mfaume, alipokuwa Kibiti anapiga hesabu zake, alikuwa amejiambia kwamba posa mwanamume mwingine wa ukoo anaweza kuipokea. Kumbe hapana. Jumatano asubuhi dereva wa mbao alimletea salamu za Mwantumu: baba usipokuwepo, wazee wa Ikwiriri watachukulia tumewadharau. Na lori lilikuwa linageuza saa ile ile, lingine mpaka wiki ijayo.

Hapo ndipo Mfaume alipofanya alilofanya. Alijua Doria atalifuata lori mpaka miguu imwishe. Kamba angeikata kwa meno. Akavua koti lake la jeshi, akalitandika chini ya dungu, akamwambia, "Linda." Doria akapanda juu ya koti, akalala, kidevu juu ya mkono wa koti. Kambini ilikuwa ndiyo kazi yake kubwa. Ukimwekea nguo yako na neno hilo, haondoki mpaka asikie neno la kumfungua, "Huru." Wakati mmoja alilinda siku nzima na usiku wake kwenye mvua, na Mfaume alipewa sifa mbele ya gwaride.

Akajiambia njaa itamwondoa. Yeye, aliyemfunza kuishinda njaa! Na yeye hakumweleza Sadallah lile neno la kumfungua, kwa sababu angelazimika kukiri kwamba anavunja siku saba alizozitangaza kwa mdomo wake. Alisema tu, "Mlishe kama tulivyofanya," akapanda lori, hakugeuka nyuma.

Ijumaa ilikwenda vizuri. Wazee walikula, wakanawa, wakasifu pilau, siku ya harusi ikapangwa. Mwantumu alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na Mfaume alimwona akacheka naye. Jumatano iliyofuata dereva wa mbao akasimamisha lori mlangoni, akampigia honi.

"Mwanyumba wako anakusalimu sana," alisema. "Anasema ahsante. Nguruwe hata mmoja hajaonekana. Anasema yule ni mbwa kweli kweli, hajatoka pale pale ulipomwacha."

Mfaume alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. "Hajatoka hata kula?"

"Hilo sikuuliza."

Lori lilikuwa na safari nyingine ya Mloka kesho yake, na Mfaume akapanda juu ya matairi ya akiba. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha. Walikwama Mkongo siku nzima, wakasukuma, wakakwama tena mbele yake. Mfaume alisukuma kuliko wote, amejaa tope mpaka kwenye nyusi, na utingo akamtania, "Mzee, kuna harusi huko?" Yeye akatia bega tena. Walifika Jumamosi, adhuhuri imekwisha kuswaliwa.

Chini ya dungu Doria alikuwa juu ya koti. Kumzunguka, umbali wa hatua nne hivi, kulikuwa na matonge ya ugali mengi, mengine meupe, mengine yameota ukungu, mengine yamebebwa na siafu. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Maji alikuwa akiramba yale yaliyochuruzika kwenye makuti ya dungu, na koti lilikuwa limeota vishimo pale mbavu zake zilipolala.

"Kila siku nampa," Semeni alisema, amesimama mbali, ameanza kulia. "Asubuhi na jioni, shemeji. Siachi. Namrushia, hali. Nikasema huenda anakula usiku, watu wasipomwona. Mume wangu alimlisha kwa mkono siku moja ulipoondoka, mbwa akakataa, na mimi, kwa hilo nilaumu mimi, nikamwambia siendi tena mtoni mara zote hizo kwa ajili ya mkono mmoja. Nina watoto wanne."

"Sikulaumu," Mfaume alisema.

Doria alikuwa amenyanyua kichwa. Mkia wake ulipiga koti mara moja. Hakuondoka, alikuwa anamtazama mdomo.

"Huru," Mfaume akasema.

Na yule mbwa akasimama. Miguu inatetemeka, lakini akasimama, akashuka kwenye koti, akapiga hatua moja, mbili, akaja akamwekea pua kwenye goti, kisha miguu ikamlegea. Mfaume akakaa naye kwenye matope. Alimpa uji kiganjani, Doria akauramba kidogo, hakuumeza, ukamtoka pembeni mwa mdomo. Akakata roho kabla ya alasiri.

Sadallah alichimba pamoja naye pembezoni mwa shamba. Walipomaliza, mwenyeji akaleta ndoo iliyojaa, akaiweka miguuni kwa mgeni. "Mwanyumba, osha mikono, tuwahi swala," alisema kwa upole. "Ningejua ana neno lake la kumwondoa, wallahi ningelisema. Kusema hakuna najisi."

Mfaume alichota kiganja cha udongo kutoka kwenye kaburi, akasugua mikono yote miwili mpaka viwikoni. Akamimina maji, moja. Akamimina, mbili. Semeni alikuwa amesimama na ndoo ya pili, sketi imelowa, ametoka nayo mtoni wakati wao wanachimba. Mfaume alipofika saba alinyoosha mkono kuiomba hiyo pia, akaanza upya kuhesabu, na hakuna aliyemwambia kwamba tayari ametakata.