"Nipe huyo anayefoka": Nesi anayeuguza kwa simu

Saa nane mchana, Jumapili. Redio ya nyumba ya pili inatangaza mpira, na nesi mmoja anapiga pasi sketi ya shule ya binti yake. Simu ameiegemeza juu ya kabati, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Inaita. Kabla mlio wa pili haujaisha, pasi imeshasimamishwa.

"Haloo, nesi wa zamu hapa. Niambie, mwanangu."

Anayepiga ni fundi cherehani anayemuuguza baba yake, mwashi mstaafu mwenye saratani ya mifupa. Analia, na nyuma yake mwanamume anafoka. Mzee ana maumivu makali tangu asubuhi. Dawa ipo, lakini baba mdogo ameizuia tangu jana, na sasa ameita teksi wamkimbize hospitali. Mzee mwenyewe alishasema mbele ya wote: "Chumba hiki nimekijenga kwa mikono yangu. Msinitoe humu."

"Futa machozi, mama. Nani anafoka hapo?"

"Baba mdogo."

"Nipe huyo huyo."

Hiyo ndiyo kazi yake. Kituo cha tiba shufaa, huduma ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi tena, hufungwa jioni na mwisho wa wiki. Maumivu hayajui kalenda. Basi milango ikifungwa, simu huhamia kwa mama huyu, ambaye familia zaidi ya sitini zinamwita Mama Haloo.

"Watoto wangu wanasema simu hii ndiyo kitinda mimba wangu," anasema na kucheka. "Ikilia tu, naikimbilia."

Alifanya kazi wodini miaka kumi na minane, hadi mgongo ukagoma. Kituo kikampa simu, kila mtu akidhani amepewa kazi nyepesi. "Nyepesi! Wodini unamwona mgonjwa. Hapa nina masikio tu, jamani."

Masikio hayo yamemfundisha jambo. Karibu kila nyumba ina mtu mmoja anayeipinga dawa, naye habishani na mtu huyo hata kidogo. "Anayepinga sana ndiye anayeogopa sana. Na anayeogopa hivyo, ujue anampenda mgonjwa. Huyo nampa kazi."

Baba mdogo ameishika simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikiliza, nesi. Hiyo mofini ni dawa ya kumaliza watu. Mnataka tumuue kaka yangu?"

"Hapana, baba. Kipimo hicho ameandikiwa tangu mwezi jana, na bado yuko nasi. Wewe ndiye unayemfuata kuzaliwa?"

"Ndiyo. Tumejenga pamoja tangu ujana."

"Basi mkono wako anaujua. Naomba umpe wewe."

Baba mdogo anaomba aletewe dawa. Kwa jirani wanashangilia bao, nesi hata hageuki.

Anamwongoza taratibu. Kibomba cha kunyweshea dawa kijazwe hadi mstari alioutia daktari, si zaidi. Mzee ainuliwe kichwa. Dawa ipitie pembeni mwa shavu, kidogo kidogo. "Mkono ukitetemeka, binti akusaidie kushika. Si aibu."

Kisha anangoja nao. Kwake anayepiga ndiye anayekata simu, hata muda uende vipi. Anamsikia mzee akiguna, halafu akiguna mara chache zaidi, na baba mdogo akimwita kaka, kaka. Mwishowe inasikika sauti nyingine, ya kukwaruza.

"Dogo, mbona umenikodolea macho? Sijafa."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Nesi naye anacheka, huku akifuta machozi kwa ile sketi aliyotoka kuinyoosha.

"Nesi," anasema baba mdogo, amepoa kabisa. "Nyingine ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Usingoje alie, baba. Dawa hii hutangulia, haingoji maumivu yapige hodi."

"Nitampa mwenyewe. Asiiguse mtu!"

Teksi iliondoka tupu.

Mzee alifariki Jumatano, chumbani mwake, usingizini. Aliyepiga kutoa taarifa ni baba mdogo. "Alisema, 'Nesi, hakulia.' Basi, hayo tu," anasimulia Mama Haloo. "Nilijivuna, sitakuficha. Msiba wa watu, na mimi najivuna! Lakini hiyo ndiyo kazi yangu, na naijua."

Sasa anawafundisha manesi wawili, ili pawe na simu tatu na asiwepo mtu wa kupiga akakuta laini inatumika. Anawafundisha kuuliza, kusikiliza, na kutokata. Ukimuuliza mafunzo haya yana haraka gani, anajibu bila kupepesa macho.

"Na mimi siku moja nitalala kitandani hivyo hivyo. Nataka wanangu wakipiga, simu ipokelewe. Na huyo atakayepokea asimwogope mume wangu. Mpole kweli, hata kuku hamfukuzi, lakini namjua. Siku hiyo yeye ndiye atakayefoka."