Bi Mahbouba na Majaji wa Barafu

Bi Mahbouba alizaliwa Unguja, akasomesha watoto wa Ibra, Omani, mpaka akastaafu, na hujisifu kwamba hajampa mtu maksi ya bure. Barafu hajaikanyaga maishani, lakini mashindano ya kuteleza juu yake hayampiti, na majaji wa mashindano hayo yeye hawapendi hata kidogo. Jioni ile jaji mmoja alimpa maksi za juu msichana wa nchi yake, aliyeanguka mbele ya dunia nzima.

"Mwizi! Hana haya, hana vibaya!" alifoka Bi Mahbouba mbele ya televisheni.

Nyuma yake, mwanawe Khawla alikuwa akiosha sakafu kwa sabuni, na watoto wakaigeuza marumaru kuwa barafu. Lamees, binti wa jirani, aliteleza, akazunguka, akasimama wima. Maen, mjukuu wa Bi Mahbouba, alikwenda kwa matako mpaka kwenye ndoo.

"Bibi, nani kashinda?" watoto walimuuliza Bi Mahbouba, aliyekuwa kageuka kuwatazama.

"Maen."

"Mama!" Khawla alimaka. "Si kaanguka huyu?"

"Kaanguka, lakini kaanguka kwa adabu," alijibu Bi Mahbouba, akaigeukia televisheni. "Wallahi, mtazameni yule mwizi, bado kakaa!"