Dume Kutoka Mpumudde

Miaka minne Nabifo alikuwa hamtaji wifi yake Lillian kwa jina. Alimwita "yule wa Mpumudde", mtaa anakokaa huko Jinja, na akisema hivyo anatema mate.

Mwaka wa tisini na tatu Lillian alitoka Jinja mpaka kwa Nabifo, mlimani Wanale, na simbilisi dume ndani ya kikapu, zawadi, ati kundi la wifi lipate damu mpya. Nabifo alikuwa na simbilisi kumi na saba wanakimbia jikoni, wanene, hawana mkia, wanakula maganda ya matoke. Zawadi ya wifi huwezi kuitenga. Kuitenga ni kumwambia mikono yake michafu. Basi siku ile ile akamtia kati ya wenzake, akawapaka wote maji ya majivu wanuke sawa, wasipigane.

Hawakupigana. Walijikuna. Mwezi haukuisha, ngozi zimekuwa magamba, anafukia watatu kwa siku. Wakapona majike wawili na katoto kamoja ka kiume. Huko Jinja, Lillian akatangaza kwamba jiko la Nabifo ni jalala.

Tisini na saba binti wa Nabifo, Daphine, akarudi nyumbani mgonjwa, mifupa mitupu. Kitu kilichokaa tumboni mwake ni mchuzi wa simbilisi, basi. Halafu paka akamla dume, yule katoto aliyekwisha kukua. Wakabaki majike watano, na hakuna wa kuwazalisha. Nabifo aliuliza Wanale yote, akashuka mjini mpaka mtaa wa Industrial, kutafuta dume. Wapi.

Ndipo Lillian akaja kumwona mgonjwa. Na kikapu. Na dume.

Nabifo akampokea yule mnyama, akamtia ndani ya debe bovu nyuma ya nyumba, peke yake.

"Wifi, mgeni wangu unamfunga kama mahabusu?"

"Kaka yako alikuwa askari jela. Mahabusu najua kuwatunza. Atakaa wiki tatu."

Lillian akanuna, akawalalamikia majirani, akaapa haondoki mpaka dume aingie jikoni kwa heshima. Akakaa, anakula.

Lakini Daphine hakuweza kungoja. Nabifo akachinja jike mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Siku ya kumi na sita akasema liwalo na liwe, leo namwingiza. Akamtoa dume kwenye debe, akampindua kwenye mwanga. Nyuma ya sikio, gamba.

Akamwita Lillian pale kwenye mkeka wa mgonjwa, akamwekea mnyama mapajani. Lillian akaligusa lile gamba.

"Hata yule wa kwanza alikuwa anajikuna," akasema. "Nilimwona. Nikaona ni viroboto tu."

"Rudia. Daphine hajasikia."

Akarudia, anaangalia chini.

Nabifo akamrudishia kikapu na dume wake ndani, akamwonyesha njia ya steji ya magari. Hakumpa hata maji. Kisha akachukua kisu, akaingia jikoni kuchagua kati ya wale majike wawili.