Kebo Nyeusi ya Mama Sindano

Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, na ulimi wake ulistahili jina hilo kuliko hata kazi yake. Miaka thelathini na moja alikuwa ameshona sare, mapazia na magauni ya harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Aliyemshinda kumfundisha ni mmoja tu, binti yake kitinda mimba. Alimkalisha kwenye cherehani akiwa na miaka kumi na mitano, na baada ya wiki mbili akamwondoa mbele ya wateja. "Mikono mizito huyu," alisema. Neno likaganda.

Binti akahamia kwenye kompyuta. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, anacheza gemu za kulenga shabaha katika timu ya wasichana watano, na huko nako alichelewa. Adui alimpiga kabla hajamwona vizuri. Nahodha alimwambia bila kuficha: Jumamosi saa kumi alasiri atajaribiwa pamoja na msichana mwingine, na mmoja ndiye atakayebaki.

Jumamosi hiyo saa nane, Mama Sindano alikuwa akikunja pindo la suruali aliposikia kwikwi. Akaenda kusimama nyuma ya binti yake.

"Ulisema kweli, mama. Mikono mizito."

Macho ya mama yalikuwa kwenye skrini. Kila binti alipogeuka upesi ndani ya gemu, ukuta ulikatika katikati, nusu ya juu huku na nusu ya chini kule, kama shati lililofungwa vifungo kombo.

"Hapo panachanika. Kwa nini?"

Binti akafuta pua, akaeleza. Kompyuta yake huchora picha zilizotulia, moja baada ya nyingine, kama mia moja na arobaini kwa sekunde. Skrini nayo ina mwendo wake, inaonyesha mara sitini tu. Picha mpya ikifika kabla ya ile ya zamani kumalizika, vinatokea vipande viwili pamoja.

"Kwa hiyo hapo hakuna kinachotembea?"

"Hakuna, mama. Jicho lako ndilo linaunganisha."

Mama Sindano akavuta kigoda, akakaa. Picha zote hizo ndani ya sekunde moja, muda wa kumeza mate! Na siri yenyewe alikuwa nayo mikononi miaka yote: kitambaa husogea sindano ikiwa juu, kikisogea ikiwa chini kinachanika. Vinyweleo vilimsimama.

"Basi sindano ya skrini hii ni ya polepole."

"Imetengenezwa kwa mia moja arobaini na nne. Lakini kwenye mipangilio naona sitini tu, tangu siku ya pili baada ya kuinunua, miezi minane sasa. Nadhani nilitapeliwa dukani."

Mama akakumbuka. Siku ya pili ndipo alipotandika kitambaa cha lesi juu ya meza ile. Kebo nene nyeusi iliyokuja na skrini ilikikunja, akaichomoa, akachomeka ile nyembamba nyeupe ya skrini ya zamani. Picha ikawaka, naye akajisifu. Kebo nyeusi aliitupia kwenye droo ya zipu.

Angeweza kunyamaza. Alikwenda kwenye droo, akaitoa kebo na kueleza alichofanya.

Ile nyeupe haikuweza kupitisha zaidi ya sitini; walipobadilisha, mia moja arobaini na nne ikajitokeza kwenye mipangilio. Binti akageuka ndani ya gemu, na dunia yote ikageuka naye, laini, kama hariri inayoteleza juu ya meza ya kukatia. "Mama wee!" alisema Mama Sindano, mkono kifuani. Hakuwahi kuona mwendo mzuri namna ile.

"Miezi minane, mama," binti alisema polepole. "Nimejichukia miezi minane."

"Najua. Na si hiyo tu." Mama alirudi kwenye kigoda. "Ile cherehani niliyokukalisha ilikuwa inaruka mishono. Ile nyingine, nzima, nilikuwa naitumia mimi. Nilijua, mwanangu. Niliona uvivu kuitengeneza."

Saa kumi ikafika, binti akavaa vipokea sauti.

Nusu saa baadaye sauti ya nahodha ilivuja kutoka masikioni mwa binti hadi kwenye kigoda cha mama. "Wewe, nafasi ni yako! Mikono yako leo imekuwaje?"

"Ni ileile," binti alisema, akimwangalia mama yake.