Tone Nililolifuta kwa Wali

Siku ya kwanza kwa mchoraji, pale Diani, nilifika mapema na leso mbili kiunoni. Nilikuwa nimetoka kwenye dobi ya hoteli, ambako nilifua mashuka miaka kumi na mmoja. Wageni walipopungua, miaka ya tisini ikielekea kwisha, watu walipunguzwa. Msimamizi wa dobi akanipeleka kwa mchoraji, akamwambia shule sikusoma, lakini nguo nyeupe hainishindi. Nilikuwa mjane, nina watoto wanne Msambweni. Nafasi ile sikuwa na ruhusa ya kuichezea.

Mchoraji alikuwa Mchina wa makamo. Tulimwita Mwalimu, maana alifundisha Unguja, na Kiswahili alikipata huko. Uchoraji alisomea kwao, akasoma tena Ulaya, kwa hiyo vyombo vyake vilikuwa vya namna mbili. Kulikuwa na rangi za mafuta, na kulikuwa na wino wa kwao, kijiti kikavu cha masizi. Unakisugua juu ya jiwe lenye maji, polepole, mpaka maji yaive weusi. Ukiharakisha, wino unatoka na chenga. Mimi nilisugua wino, nikaosha brashi, nikapaka kitambaa wanga wa muhogo ili wino usizame, kisha nikakiwamba kwenye mbao kama ngoma.

Hakuchora mnazi wala mtu. Alisimama akikitazama kitambaa muda mrefu, kisha mkono ukaenda mara moja. Niliwahi kumwuliza kile ni nini, akasema ni pumzi. Sikubishana. Mwenye kazi ni yeye.

Ijumaa moja alimaliza picha kubwa ya kutundikwa kwenye ukumbi wa hoteli, meneja aje kuichukua kesho yake. Akaenda kuoga. Upande mmoja ulijaa michirizi ya wino, upande wa pili mweupe mtupu, ila tone moja pembeni. Nikaona limemdondoka kwa bahati mbaya. Dobi akiona wino mbichi kwenye nguo nyeupe haiti mtu. Nilichukua wali wa jana, maana wali hunyonya wino, nikauponda, nikalisugua lile tone mpaka likabaki kivuli.

Aliporudi alichuchumaa pale pale. Sikungoja aulize.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilidhani ni doa."

"Tone lile nimelisubiri asubuhi nzima, Bi Mwanakombo. Hayo mengine yalikuwa njia ya kulifikia."

Nikafungua leso ya kazi, niende zangu. Akaniuliza naenda wapi na kazi sijamaliza.

"Umefua kona. Dobi gani anafua kona? Fua yote."

Tukakibeba kitambaa wawili hadi kisimani. Wanga ulitoka na wino mwingi, kitambaa kikabaki kijivu kama wingu la masika. Meneja alipokuja alikikuta kimeanikwa. Akasema nifukuzwe. Mwalimu akamjibu kwamba kama ukuta una haraka, kalenda za picha zinauzwa Ukunda. Meneja akaondoka, na picha hakuitaka tena.

Kilipokauka, Mwalimu alichora juu ya ule ukijivu kwa rangi za mafuta. Kazi yangu ikabaki. Nilikaa naye mpaka aliporudi kwao, nami nikastaafu.

Ninyi vijana wa siku hizi mna mashine za kufulia, na mimi vidole vimekauka. Lakini mkiniuliza kazi ipi ilikuwa nzito, sitataja mashuka. Nitataja kuketi mbele ya kitambaa cheupe chenye tone moja, na kuliacha. Siku nyingine niliweza. Siku nyingine Mwalimu alinitoa nje kabla sijashika wali.